Kemo ya moja kwa moja kwenye ini: tathmini ya huduma kwa familia za Mwanza zinazoandikiwa rufaa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kupeleka dawa za kemo ndani ya ini kwa kupitia mshipa wa damu unaoulisha uvimbe wa saratani, na kisha kuuziba mshipa huo ili uvimbe ukose damu. Madaktari huiandika kwenye barua za rufaa kwa herufi TACE. Nimemuuguza mjomba wangu, mvuvi wa siku nyingi wa mwambao wa Sengerema, tangu alipokabidhiwa barua hiyo jijini Mwanza hadi sasa anapoendelea na kliniki, na ninaandika kwa ajili ya familia zilizopewa ushauri kama huo na ambazo bado hazijaelewa zinakwenda kulipia nini. Hospitali ya Dar es Salaam iliyomtibu siitaji kwa jina, kwa kuwa yapo mambo nitakayoyalalamikia, na wahusika nimeshawaandikia wenyewe. Hukumu yangu naitoa mapema: tiba yenyewe ilifanywa kwa ustadi mkubwa na ilistahili gharama yake, lakini makabidhiano ya mgonjwa kati ya mji uliomtibu na mji anaoishi yanapwaya, na kupwaya huko kunaweza kumgharimu mtu ini alilobakiwa nalo.

Nianze na tiba inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo panapoamua nani aende na nani asiende. Ini hupata damu kwa njia mbili. Takriban robo tatu ya damu hiyo huletwa na vena kubwa inayotoka kwenye matumbo ikiwa imebeba chakula kilichosagwa, na robo inayobaki huletwa na ateri yenye damu inayotoka moyoni. Saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe haifuati mgawanyo huo, kwani karibu damu yake yote huichota kwenye ateri. Ni kama kiwanja kimoja chenye nyumba mbili, moja ikiwa na mabomba mawili na nyingine ikitegemea bomba moja tu kati ya hayo: ukilifunga bomba hilo la pamoja, nyumba ya kwanza itapungukiwa lakini itaendelea kuishi, ilhali ya pili itakauka. Daktari huingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena au wa kifundo cha mkono, akausogeza kwa kufuata picha za eksirei hadi kwenye tawi la ateri linaloingia kwenye uvimbe, akamimina dawa hapo hapo, kisha akaziba tawi hilo kwa chembe ndogo. Dawa hubaki pale kwa wingi ambao mwili mzima usingeuvumilia endapo ingetiwa kwa dripu ya mkononi, na uvimbe hupata mapigo mawili kwa wakati mmoja, sumu na njaa.

Njia ya kuingiza mrija kwenye mshipa bila kupasua ilibuniwa na daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, mwaka 1953, na madaktari wa Japani ndio walioigeuza kuwa tiba ya saratani ya ini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Ushahidi uliowashawishi madaktari wengi duniani ulikuja mwaka 2002 kutoka Barcelona na Hong Kong, ambako wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapata tiba hii na wengine wakapata matunzo ya kawaida. Barcelona, waliokuwa hai baada ya miaka 2 walikuwa asilimia 63 kwa waliotibiwa na asilimia 27 kwa wasiotibiwa. Hong Kong, ambako wagonjwa wengi walikuwa na virusi vya homa ya ini B na uvimbe uliokwisha kusonga mbele, ilikuwa asilimia 31 dhidi ya 11. Ninaziweka takwimu zote mbili kwa makusudi, kwa kuwa wapo watakaokuonyesha ile ya kwanza peke yake, na mgonjwa wa kwetu, mwenye homa ya ini B na aliyechelewa kufika hospitalini, anafanana zaidi na wale wa Hong Kong.

Hapa ndipo ninapoanza kuipongeza hospitali. Hakuna aliyemwambia mjomba kwamba atapona. Daktari alikaa naye mezani, akamwamkia kwa heshima ya umri wake, akachora ini kwenye karatasi pamoja na mishipa yake miwili, na akamweleza kwamba lengo ni kuua sehemu kubwa ya uvimbe na kumwongezea muda wenye afya inayostahimilika, kwamba huenda tiba ikarudiwa, na kwamba ipo siku inaweza kusimamishwa endapo ini litaonyesha kuchoka. Mjomba alimwuliza, "Kwa nini msikikate tu kikatoka?" Akajibiwa kwa utaratibu kwamba upasuaji hufaa pale uvimbe unapokaa sehemu moja na ini linalobaki linapokuwa zima, na kwake sharti hilo la pili halikutimia. Nimehudhuria kliniki nyingi pamoja na wazee wa familia yetu, na ni nadra kuona mzee akiachiwa nafasi ya kuuliza swali la namna hiyo na kujibiwa bila haraka.

Uchujaji wa wagonjwa pia ulikuwa makini, na familia zinapaswa kuufurahia hata pale unapowakatisha tamaa. Mtu ambaye macho yake yamekuwa ya manjano, au ambaye tumbo limejaa maji yasiyodhibitika, au ambaye uvimbe umeingia hadi kwenye shina la ile vena kubwa na kuiziba, mara nyingi hukataliwa tiba hii. Sababu inaeleweka ukirudi kwenye mabomba mawili: ikiwa vena imeshaziba na wewe ukaifunga ateri, ini zima litakosa damu, na tiba itamwua mgonjwa kabla ya saratani. Tuliwaona kwenye benchi la kusubiria watu waliosafiri kutoka mbali wakarudishwa kwa sababu hiyo, na iliumiza kuwatazama, lakini kosa halikuwa la daktari aliyewakataa. Kosa lilikuwa la kuwaruhusu wasafiri bila mtu kutazama kwanza kiwango cha bilirubini, kemikali ya damu inayoyapa macho umanjano, na picha za vena ambazo tayari walikuwa nazo mkononi.

Kwa watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria kuna jambo la nyongeza ambalo ningependa kila kliniki ya rufaa ilizingatie. Kichocho cha matumbo, kinachoambukizwa kwenye maji ya ziwa, huacha makovu kuzunguka matawi ya vena hiyo hiyo inayolilisha ini, na mvuvi aliyeingia majini tangu utotoni anaweza kuwa na makovu hayo, wengu uliovimba, na mishipa ya koo la chakula iliyotuna na iliyo tayari kutoa damu, hata kama saratani yake ilisababishwa na kitu kingine kabisa. Mjomba alikuwa na vyote viwili, virusi vya homa ya ini B pamoja na makovu ya kichocho. Daktari wa Dar es Salaam alisoma jambo hilo kwenye altrasaundi iliyofanyika Mwanza, akaagiza koo lake lichunguzwe kwa kamera kabla ya kumpangia siku, na akaamua kutibu matawi madogo peke yake badala ya upande wote wa ini. Kwa maoni yangu uamuzi huo ndio uliobeba thamani kubwa ya huduma yote, na uliwezekana kwa sababu mpimaji wa altrasaundi wa Mwanza aliandika kwa ukamilifu alichokiona pembezoni mwa uvimbe, wakati angeweza kuishia kwenye ukubwa wa uvimbe wenyewe.

Vipimo vyote vya awali vilipatikana Mwanza, na sioni sababu ya mtu kuvilipia upya. Kipimo muhimu kuliko vyote ni CT ya ini, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, inayopigwa kwa awamu kadhaa baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa, kwani uvimbe unaotegemea ateri hung'aa mapema na kisha hufifia wakati ini linalouzunguka linapoanza kung'aa. Mng'ao huo humwezesha daktari, kwa mgonjwa ambaye ini lake limeshakuwa na makovu ya kudumu, kuitambua saratani bila kukata kinyama, na ndio huo huo unaomwonyesha mahali pa kuupeleka mrija. Mkipigiwa CT ya awamu moja tu, mtarudia. Hakikisheni maelezo ya awamu yameandikwa kwenye fomu ya maombi kabla mgonjwa hajapanda kitandani.

Siku ya tiba mjomba alikuwa macho. Alichomwa ganzi kwenye kinena cha kulia, akalazwa chali chini ya mashine ya eksirei, na akaelezwa kila hatua kabla haijafanyika. Alisimulia kwamba alipogeuza macho alimwona msaidizi wa daktari ameshika mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa kwa kiungio kidogo, akiyasukuma kwa zamu, dawa nyekundu ikiingia kwenye mafuta mazito na kurudi, mara nyingi, hadi mchanganyiko ukawa mmoja. Dawa hiyo nyekundu ni doksorubisini, na mafuta yale hutokana na mbegu za mpopi na hutiwa iodini. Huibeba dawa hadi kwenye vijishipa vya uvimbe, na kwa kuwa iodini huonekana kwenye eksirei, daktari hutazama kwenye skrini mahali hasa inapokwenda kutua. Wakati dawa ikiingia alihisi joto na uzito chini ya mbavu za kulia, akasema, na kasi ikapunguzwa. Baada ya hapo alirudishwa wodini akiwa amenyoosha mguu, na muuguzi aliyempokea alirudia kila alipopita, "Mzee wangu, usikunje goti, hata ukisikia usingizi." Alikuwa akiinua shuka, anabonyeza kandokando ya bandeji kwa vidole viwili, kisha anashika mapigo ya unyayo kuthibitisha kwamba damu inafika. Utaratibu huo haukukatika usiku kucha, hata zamu ilipobadilika.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, na yeyote atakayekuambia kwamba tiba hii haina maumivu anakudanganya. Homa ilipanda, kichefuchefu kikamkosesha chakula, na maumivu ya upande wa kulia yakahitaji dawa za mara kwa mara. Hali hiyo huwapata wagonjwa wengi, kwa kuwa tishu ya uvimbe inakufa na mwili unaipokea kama jeraha, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku kadhaa. Wodi ilikuwa imetuandaa, dawa zilikuwepo, na damu yake ilipimwa tena kuangalia utendaji wa ini na figo kabla hajaruhusiwa. Hadi kufikia hapo sina dosari yenye uzito ya kuwaandikia.

Dosari ilikuwa kwenye karatasi tuliyopewa mlangoni. Barua ya kuruhusiwa ilisema tu kwamba mgonjwa amefanyiwa TACE na arudi kwa kipimo cha CT baada ya wiki 4 hadi 6. Haikutaja dawa gani wala kiasi gani, haikutaja tawi la ateri lililozibwa, haikueleza dalili za hatari, na picha hazikuambatanishwa. Tulipofika Mwanza homa ikamrudia mjomba, safari hii ikiwa na kutetemeka, na daktari wa zamu aliyempokea usiku alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa: hakuweza kujua kama anatazama homa ya kawaida ya tiba au jipu linaloanza ndani ya ini, ambalo ni tatizo nadra lakini la hatari. Alifanya lililo sahihi, akachukua damu ya kuotesha ili kutafuta vijidudu, akaanzisha antibayotiki na kuagiza altrasaundi, lakini alipoteza saa nyingi akimtafuta kwa simu mtu wa Dar es Salaam ambaye angeweza kumsomea faili. Kundi la wataalamu linaloweza kuongoza mrija mwembamba kiasi kile hadi kwenye tawi la mshipa haliwezi kushindwa kuandika mistari sita kwenye barua.

Pengo la pili lilihusu dawa ya virusi. Mgonjwa mwenye homa ya ini B anayepata tiba hii anapaswa kuendelea na tenofovir, au dawa nyingine ya kuvidhibiti virusi, kwa sababu kemo inaweza kuviamsha upya na kuliangusha ini ambalo tiba ililiacha salama. Mjomba alikuwa akimeza tenofovir kabla ya kulazwa, lakini haikuandikwa kwenye orodha ya dawa za kwenda nazo nyumbani, na laiti mke wake asingekuwa amezoea kumpa kila jioni, angeiacha kwa kudhani imesitishwa. Kwa upande mwingine, muuguzi wa kliniki alifanya jambo ambalo halimo kwenye ankara yoyote: aliwataka ndugu wa tumbo moja, watoto na mke wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi wa rika la mjomba na la watoto wake wakubwa hawakuipata.

Kuhusu gharama sitaweka kiasi, kwa kuwa hutegemea bima, aina ya chembe za kuzibia, na idadi ya siku za wodi. Ombeni makadirio ya maandishi yanayotenganisha dawa, mirija, chembe, kitanda na vipimo vya kurudia, na ombeni kibali cha bima kabla ya kukata tiketi. Safari nayo iingie kwenye bajeti. Kutoka Sengerema hadi Mwanza mambo yamekuwa mepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwani hakuna tena kumsubirisha mgonjwa foleni ya kivuko, lakini basi la kutoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na mtu aliyetoka kuzibwa mshipa wa ini hastahili kuimaliza kwa mkupuo. Mwenye uwezo wa ndege, tiketi ya kurudi iwe ya ndege hata kama ya kwenda ilikuwa ya basi. Sisi tulilala Dodoma, na ilisaidia.

Ndugu wengine walituletea video za tiba zinazofanana kwa jina na wakauliza kwa nini mjomba hakupewa hizo. Ipo pampu ndogo inayopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo na kutiririsha dawa polepole kwenye ateri ya ini, inayotumika Marekani hasa kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye ini. Ipo pia njia ya kulizungushia ini dawa ya melfalani na kuichuja damu inayotoka kabla haijarudi mwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa wa saratani ya jicho iliyohamia kwenye ini. Zote mbili ni za magonjwa tofauti na lile la mjomba, na familia isitumie akiba yake kuzifuata nje ya nchi bila daktari wake kusema hivyo kwa maandishi. Kwa TACE yenyewe, kwenda India hakukuwa lazima kwetu. Tangu mwaka 2018 wataalamu kutoka Marekani wamekuwa wakija Dar es Salaam kushirikiana na madaktari wetu katika kufundisha fani hii ya kutibu kwa kuongozwa na picha, na kazi niliyoiona ilikuwa mikononi mwa Watanzania.

CT ya marejeo ilifanyika Mwanza. Mtaalamu alituonyesha kwenye skrini yale mafuta yakiwa yamebaki meupe ndani ya uvimbe, ishara kwamba sehemu hiyo imeshika dawa na haipati damu, na pembeni akatuonyesha ukingo mmoja uliokuwa bado unang'aa, kwa maana kwamba uko hai. Kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo mara nyingi hupanda kwa saratani ya ini, kilikuwa kimeshuka. Mjomba alikuwa amerudia kula samaki na ugali, uzito umeacha kupungua, na alikwenda mwenyewe kusimamia ukarabati wa mtumbwi wa mwanawe. Walipendekeza tiba ya pili kwa ajili ya ule ukingo, naye akakubali baada ya kuhakikishiwa kwamba vipimo vya ini viliruhusu.

Kabla ya kwenda mara ya pili niliandika malalamiko yangu kwa upole na kuyakabidhi kwa msimamizi wa wodi: jina na kiasi cha dawa, tawi lililotibiwa, dawa za kuendelea nazo pamoja na ile ya virusi, dalili za kumrudisha mgonjwa hospitalini haraka, yaani homa yenye kutetemeka, macho ya manjano, kuchanganyikiwa, tumbo kujaa au kinena kutoa damu, namba ya simu inayopokelewa usiku, na nakala ya picha. Barua ya mara ya pili ilikuwa na yote hayo isipokuwa picha, ambazo tuliambiwa zinaombwa dirisha la kumbukumbu kwa fomu nyingine na huchukua siku kadhaa. Ombeni fomu hiyo siku mnayolazwa, msisubiri siku ya kuruhusiwa.